Shajara ya mradi: kulinganisha majibu ya slaidi za TB kati ya maabara na maabara

Jumatatu, mwanzo

Haya, kazi imeanza rasmi. Iko hivi: maabara za zahanati na vituo vya afya zinasoma slaidi za makohozi kwa darubini, halafu slaidi kadhaa zinachaguliwa na kupelekwa kwa mhakiki wa ngazi ya juu, anazisoma tena bila kuambiwa jibu la kwanza lilikuwa nini. Mwisho wa robo mwaka kila slaidi ina majibu mawili, la maabara na la mhakiki, na mtu inabidi aseme hawa wanakubaliana au vipi. Mpaka sasa kinachofanyika ni kupiga asilimia ya makubaliano, kuandika tisini na kitu kwenye fomu, muhuri, imeisha hiyo. Mi nimeombwa nitengeneze skripti ya R (programu ya takwimu) itakayosema kitu cha maana zaidi ya hapo, na hii shajara naiandika ili atakayeirithi hii kazi asihangaike kujiuliza kwanini nilifanya hivi na sio vile.

Kwa asiyejua majibu yanavyoandikwa, slaidi ya Ziehl-Neelsen (ZN, ile njia ya kuwapaka wadudu wa TB rangi nyekundu) hairipotiwi ndiyo au hapana tu. Ukipita fildi 100 (fildi ni eneo unaloliona kwa mara moja kwenye darubini) usione mdudu hata mmoja ni hasi. Ukiona 1 hadi 9 kwenye fildi 100 ni skanti, na unaandika idadi kamili uliyoiona. 10 hadi 99 kwenye fildi 100 ni 1+. Ukiona 1 hadi 10 kwa kila fildi, na umesoma angalau fildi 50, hiyo 2+. Zaidi ya 10 kwa fildi, angalau fildi 20, ni 3+. Kwa hiyo tuna makundi matano yanayopandana kama ngazi ila sio namba, huwezi kuchukua wastani wa skanti na 3+ ukapata kitu. Ndo maana vile vipimo vya wastani na alama z ambavyo wenzetu wa kemia wanalinganishia maabara zao hapa havitusaidii, tunahitaji hesabu za makundi.

Jumatano, data zimeingia

Faili za Excel zimekuja na kila wilaya ina staili yake. Wengine wameandika neg, wengine hasi, wengine 0, kuna mmoja kaweka kistari tu. Hiyo sio shida, unatengeneza jedwali la tafsiri unamalizana nayo.

Shida kubwa ni hii. Skanti inaandikwa kwa idadi, yaani slaidi yenye wadudu watatu inaandikwa 3, na slaidi iliyojaa inaandikwa 3+. Sasa kuna watu wana mazoea ya kutanguliza alama, wanaandika +3, na Excel ukiiandikia +3 inadhani unapiga hesabu, inakuachia 3 tupu. Kwa hiyo mgonjwa mwenye bakteria wa kumwaga anageuka skanti ya wadudu watatu na hakuna aliyekosea kusoma chochote kwenye darubini! Ukipiga takwimu juu ya data ya hivyo utatoka na ripoti kwamba fundi hajui kazi, kumbe aliyeharibu ni Excel. Nimeamua kila 1, 2 au 3 isiyo na alama ya kujumlisha haiingii kwenye hesabu mpaka mtu afungue daftari la maabara, lile la karatasi, athibitishe. Wenzangu wanalalamika inachelewesha, na ni kweli inachelewesha, ila hapo sirudi nyuma.

La pili ni dogo lakini linauma. R ukiiachia ipange makundi yenyewe inafuata herufi: 1+, 2+, 3+, halafu hasi, halafu skanti. Kwa kapa ya kawaida, kile kipimo cha makubaliano ya wasomaji wawili, haidhuru kitu, kwa kapa yenye uzito, inayohesabu umbali kati ya makundi, ni balaa kwa sababu hasi inakuwa jirani wa 3+. Kwenye skripti mpangilio nimeuandika kwa mkono, na likitokea neno ambalo haliko kwenye orodha skripti inagoma kabisa badala ya kubahatisha.

Ijumaa, kapa na vituko vyake

Ukiuliza mtu yeyote wa takwimu utalinganishaje majibu ya makundi kati ya wasomaji wawili, atakwambia kapa. Jacob Cohen aliitoa 1960 na wazo lake ni zuri: watu wawili hata wakijibu kwa kubahatisha kuna slaidi watapatana tu, kwa hiyo toa yale makubaliano ya bahati kwanza, halafu angalia kilichobaki ni sehemu gani ya kile ambacho kingeweza kupatikana. 1 ni makubaliano kamili, 0 ni sawa na kubahatisha.

Sasa ngoja niweke mfano wa kutunga maana data za kweli sio zangu za kumwaga hapa. Slaidi 200. Maabara na mhakiki wote wanasema chanya kwenye 90, wote wanasema hasi kwenye 90, na kuna 10 maabara kasema chanya mhakiki hasi, na 10 kinyume chake. Makubaliano 90%, kapa 0.80, watu wanapigiana makofi. Mfano wa pili, slaidi 200 tena, wamepatana chanya 5, wamepatana hasi 175, waliotofautiana ni wale wale 10 na 10. Makubaliano 90% vilevile, ila kapa inashuka mpaka 0.28. Asilimia ileile, idadi ileile ya kutofautiana, na kapa moja inasema safi na nyingine inasema ovyo.

Hili sio jipya, Feinstein na Cicchetti waliliandikia 1990 wakaliita kitendawili. Kinachosababisha ni kwamba chanya zikiwa chache, makubaliano ya bahati yanakuwa makubwa mno (kwenye mfano wa pili ni 86%), kwa hiyo nafasi iliyobaki ya kujionyesha ni ndogo. Na sisi ndo tuko humohumo, kwenye maabara za pembezoni slaidi nyingi ni hasi.

Watu wakishaliona hili wengi wanakimbilia tiba, yaani vipimo vingine vya makubaliano visivyoshuka hivyo chanya zikiwa chache. Kuna PABAK ya Byrt na wenzake ya 1993, kuna AC1 ya Gwet ya 2008. Nikaziendesha kwenye mfano wa pili: PABAK 0.80, AC1 0.88. Mwenzangu mmoja kafurahi sana, kasema basi tuweke AC1 tuachane na kapa, maabara zote zitapendeza.

Mi nikakataa, na sababu ni hii. Rudi kwenye ule mfano uangalie chanya peke yake. Slaidi ambazo angalau mmoja kasema chanya ni 25, na walizopatana ni 5 tu. Ukipiga makubaliano ya chanya kwa fomula yake, mara mbili ya 5 gawanya kwa mara mbili ya 5 jumlisha 20, unapata 33%. Makubaliano ya hasi ni 95%. Yaani hawa watu wanajua vizuri kusema hakuna kitu, ila kikiwepo kitu hawaelewani kabisa, na kazi yote ya TB iko kwenye kikiwepo kitu. Ile kapa ya 0.28 watu wanayoiita kichaa ilikuwa inalalamikia jambo la kweli kwa lugha mbaya. AC1 inalifunika. Kwa hiyo uamuzi: ripoti itatoa makubaliano ya chanya na ya hasi mbalimbali, kila moja na upana wake wa uhakika (namba ya kweli inaweza kuwa kutoka wapi hadi wapi), na kapa itakuwepo pembeni kwa wanaoitaka. Ile mizani ya Landis na Koch ya 1977, kwamba 0.61 hadi 0.80 ni nzuri na kuendelea, haiingii. Wenyewe walikiri mipaka wameiweka tu, na bado watu wanaishika utadhani imeshushwa.

Jumanne, upande gani umeinama

Makubaliano hata ukiyapima vizuri hayakwambii kutofautiana kunaelekea wapi. Maabara ikitofautiana na mhakiki slaidi 10, tano huku tano kule, ni habari moja. Ikitofautiana 9 upande mmoja na 1 upande mwingine ni habari nyingine kabisa, kuna kitu kinasukuma. Hapa kipimo ni cha McNemar, 1947, na uzuri wake kinatupa nje zile walizopatana kinaangalia waliotofautiana tu. 9 kwa 1 kwa hesabu kamili ya binomia inatoa p (nafasi ya kuona kuinama hivyo au zaidi kwa bahati tu) ya 0.021. Nimetumia ile kamili na sio ya kai-skweya kwa sababu waliotofautiana huwa wachache, na kai-skweya kwenye namba kumi inakuwa inakisia.

Kwa ngazi zote tano kuna ndugu zake, Bowker wa 1948 anaangalia kama jedwali zima liko sawa pande mbili za mshazari, na Stuart na Maxwell wanaangalia jumla za pembeni. Nilizijaribu, majedwali yetu yana sifuri nyingi mno, nimeziacha kwa ngazi ya maabara moja moja, zitatumika kwenye jumla ya mkoa.

Nilipoendesha McNemar kwa data za kweli kuna wilaya moja imejitokeza imeinama vibaya, slaidi karibu zote zilizotofautiana maabara kasema chanya na mhakiki kasema hasi. Kwa fomu zetu hiyo inaitwa chanya bandia, maana yake maabara inawapa watu dawa za TB bila TB. Tayari kulikuwa na mazungumzo ya kutuma barua.

Bahati nzuri nilimpigia mzee mmoja fundi wa maabara wa siku nyingi, kashastaafu. Nikamwamkia nikamweleza, akanisikiliza mpaka mwisho halafu akauliza swali moja: "Hizo slaidi zimekaa wapi kabla ya kusomwa mara ya pili?" Nikamwambia sijui. Akasema, "Basi kajue kwanza mwanangu, ndo uje na hizo hesabu zako." Rangi nyekundu ya ZN inafifia, hasa sehemu ya joto na unyevu, na slaidi ikikaa miezi kwenye boksi kabla ya kuhakikiwa, mdudu aliyekuwa anaonekana vizuri anapotea machoni. Mhakiki anasoma kwa uaminifu kabisa anasema hasi. Nimeuliza, hiyo wilaya iko pwani na slaidi zake ndo zilichelewa kuliko zote. Hapo ndo mtu unaelewa kwanini McNemar haiwezi kukwambia nani kakosea, inasema tu hawa wawili hawapo sawa na wamepishana upande huu.

Dawa ni kupaka rangi upya kabla ya uhakiki. Ila zipakwe zote, sio zile zenye ugomvi tu, kwa sababu ukipaka za ugomvi peke yake mhakiki akiona slaidi inang'aa anajua hii ina kesi, na ule usiri wote wa kusoma bila kujua umekwisha. Nimeandika ombi.

Alhamisi, uzito

Kapa yenye uzito, Cohen tena, 1968. Wazo ni kwamba kusema 2+ badala ya 3+ sio kosa sawa na kusema hasi badala ya 3+. Kwa makundi matano, uzito wa mstari unakupa 0.75 ukikosea ngazi moja, 0.5 ngazi mbili. Uzito wa mraba unakupa 0.94 kwa ngazi moja na 0.75 kwa ngazi mbili, yaani ni mpole mno, na programu nyingi ziko tayari kukupa huo bila maswali.

Tatizo langu na yote mawili ni kwamba yanachukulia umbali wa hasi hadi skanti ni sawa na wa 2+ hadi 3+. Kwa mgonjwa sio sawa hata kidogo! 2+ na 3+ wote wanaanza dawa kesho. Hasi na skanti, mmoja anaanza dawa mwingine anarudi nyumbani na kikohozi chake kukaa na watoto. Upande wa pili, mwongozo wa kimataifa wa uhakiki wa 2002 unaiweka skanti iliyosomwa hasi kwenye makosa madogo, na chanya ya 1+ mpaka 3+ iliyosomwa hasi kwenye makubwa, na kupishana zaidi ya ngazi moja kati ya chanya na chanya ni kosa la kiwango, nalo dogo. Mwanzo niliona ni kama wanadharau skanti. Halafu nikapiga hesabu nikaelewa.

Chukua slaidi ambayo kwa wastani ina mdudu mmoja kwa kila fildi 100. Wasomaji wawili wazuri kabisa, kila mmoja anapita fildi zake 100, hawapiti njia moja. Kwa mgawanyo wa Poisson (hesabu ya vitu vichache vilivyotawanyika kiholela), nafasi ya msomaji kutoona hata mmoja ni 37%. Nafasi ya mmoja kuona na mwingine asione ni 47%. Karibu nusu! Ikiwa wastani ni wawili, nafasi ya kukosa kabisa ni 13.5%, wakiwa watatu ni 5%. Na hapo tumedhani wadudu wametawanyika vizuri, wakati ukweli wanapenda kukaa makundi makundi, kwa hiyo hali halisi ni mbaya zaidi ya hizo namba. Sasa utamwandikiaje fundi barua kwa kitu ambacho hata yeye mwenyewe akisoma slaidi ileile kesho anaweza kujipinga?

Uamuzi: nimetengeneza jedwali langu la uzito, Cohen mwenyewe aliruhusu uzito wowote mradi uuseme kabla. Hasi na skanti inapata nusu. Kupishana ngazi moja ndani ya chanya kunapata karibu yote. Hasi na 1+ kwenda juu ni sifuri tupu. Nimewapelekea wenye kazi waipitishe kabla hatujaona matokeo ya robo hii, maana ukichagua uzito baada ya kuona majibu unakuwa unachagua nani afaulu.

Jumatatu nyingine, kikao cha orodha

Kikao. Wanataka orodha ya maabara kuanzia bora hadi ya mwisho, yenye rangi, kijani njano nyekundu. Naelewa kwanini, bajeti ya usimamizi ni ndogo lazima ujue uende wapi kwanza. Lakini sampuli zenyewe jamani. Maabara yenye slaidi 10 zilizohakikiwa na kosa sifuri inawekwa kijani, ukipiga hesabu kiwango chake cha kweli cha makosa kinaweza kufika 26% na bado ukapata sifuri kwa bahati mara moja kwenye ishirini. Ukihakiki 60 bila kosa ndo unashuka mpaka kama 5%. Na maabara mbili, moja 0 kwenye 10, nyingine 2 kwenye 10, kwa kipimo cha Fisher p ni 0.47, yaani huwezi kuzitofautisha, lakini kwenye orodha moja inakuwa ya kwanza na nyingine ya mkiani na mkuu wa kituo anaulizwa maswali mbele za watu.

Halafu kuna lile la kupima maabara nyingi kwa pamoja. Ukiwa na maabara 40 zote nzuri ukazipima kila moja kwa kikomo cha 5%, tegemea mbili zing'ae nyekundu bure.

Nikapendekeza grafu ya faneli, kila maabara ni nukta, idadi ya slaidi kwa chini, kiwango cha makosa kwa pembeni, na mistari miwili inayopanuka pale slaidi zilipo chache. Walio ndani ya mistari hatupangi nani wa ngapi, aliye nje anatembelewa. Mama mmoja mratibu wa wilaya, ambaye kimya chake chote cha asubuhi nilidhani amechoka, akasema hiyo ndo anaitaka kwa sababu orodha inamfanya agombane na watu wake kila robo na robo inayofuata nafasi zinabadilika bila sababu. Ikapita. Rangi zimebaki lakini ni za kutembelewa na kutotembelewa tu.

Kuna aliyeuliza kwanini nisitumie kapa ya Fleiss ya 1971 ambayo ni ya wasomaji wengi. Ni kwa sababu inahitaji wasomaji wengi wa slaidi zilezile, na kwetu kila maabara inasoma za kwake, kinachowaunganisha ni mhakiki tu. Ingefaa kwenye zile paneli za majaribio, ambapo seti inayofanana inazungushwa maabara zote, na kwa majibu ya ndiyo/hapana ya namna hiyo kuna hata waraka wa ISO wa 2021, TR 27877. Mwaka ujao paneli zikija tutarudi hapo.

Jumatano, msomaji wa tatu

Utaratibu ni kwamba maabara na mhakiki wakipishana, mhakiki wa pili anasoma na neno lake ndo la mwisho. Kwa slaidi moja moja iko sawa. Kwa takwimu ina tundu: slaidi ambazo wote wawili wamekosea kwa pamoja hazifiki kwake kamwe, kwa hiyo ukitumia majibu yake kukokotoa usahihi, namba zinapendeza kuliko ukweli. Na akijua kila inayomfikia ni ya ugomvi anaisoma kwa jicho la kutafuta. Nimeomba zichanganywe na kiasi cha zile zilizopatana, bila alama. Wamekubali kwa shingo upande, ni kazi ya ziada.

Nilijaribu pia njia ya Hui na Walter ya 1980, inayokadiria usahihi wa wasomaji wawili bila kuwa na jibu la kweli mradi una jamii mbili zenye viwango tofauti vya ugonjwa. Hesabu inavutia. Ila inadai makosa ya wasomaji hao yasihusiane, na yetu yanahusiana wazi, slaidi nyembamba yenye wadudu wawili inamsumbua kila mtu. Nimeitoa.

Ijumaa, ilipofikia

Skripti inafanya kazi. Kila maabara inapata karatasi moja: jedwali la tano kwa tano lenyewe likiwa zima (hili ndo la kwanza juu, watu waone slaidi kabla ya namba), makubaliano ya chanya na ya hasi pamoja na upana wake, idadi ya waliotofautiana kila upande na p ya McNemar, kapa yenye uzito wetu kwa maandishi madogo, na tarehe slaidi ilipotengenezwa na ilipohakikiwa. Hiyo ya tarehe haikuwemo kwenye ombi la mwanzo, nimeiongeza kwa ajili ya yule mzee.

Ile barua ya wilaya ya pwani imesimamishwa. Slaidi zao zote za robo hii, sio za ugomvi tu, zimepakwa rangi upya na zinakuja na basi keshokutwa, mhakiki atazipata zikiwa na namba mpya. Majibu yakirudi naingiza naendesha upya McNemar ya wilaya hiyo tu, na ikiendelea kuinama upande uleule ndo tutaenda na darubini yetu tukakae nao.

Bado sijapata jibu la jedwali la uzito.